Bwawa la Atlanta na Wakimbiaji wa Nchi Jirani

Mwezi wa Machi mwaka 2022, katika bwawa la mjini Atlanta, Marekani, mwogeleaji Lia Thomas wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alishinda yadi 500 za mtindo huru katika mashindano ya wanawake wa vyuo vikuu. Muda wake ulikuwa dakika 4 na sekunde 33.24. Kabla ya hapo alikuwa ameogelea miaka mitatu katika timu ya wanaume ya chuo hicho hicho. Mwaka 2019 alianza kutumia dawa za homoni ili aishi kama mwanamke, na kanuni za vyuo za wakati ule zilimruhusu kushindana na wanawake. Hakuvunja kanuni yoyote, wala hakuweka rekodi ya taifa. Katie Ledecky alikuwa ameogelea masafa hayo mwaka 2017 kwa muda uliopungua kuliko huo kwa zaidi ya sekunde tisa. Lakini kelele zilizozuka zilivuka bahari.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 19 Juni, Shirikisho la Kimataifa la Kuogelea lilikutana Budapest. Asilimia 71.5 ya kura zilipitisha kwamba mtu aliyepitia balehe ya kiume asishindane katika mashindano ya kimataifa ya wanawake. Iliahidiwa kuundwa safu ya wazi kwa ajili ya wote watakaofungiwa mlango. Safu hiyo ilipotangazwa katika mashindano ya Berlin mwezi wa Oktoba 2023, hakujitokeza mwogeleaji hata mmoja. Thomas naye alipokwenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, aliambiwa mwezi wa Juni 2024 kwamba hana haki ya kuleta shauri hilo. Kiini cha ubishi hakikuguswa.

Hoja ya waliopiga kura ile haikuwa ya chuki tupu, na ni haki isikilizwe. Mwaka 2017 Sarah Sjöström wa Sweden aliogelea mita 100 za mtindo huru kwa sekunde 51.71. Mwaka 2024 Pan Zhanle wa China alizimaliza kwa sekunde 46.40. Wote wawili waliweka rekodi ya dunia, na kati yao pana zaidi ya sekunde tano. Balehe ya kiume huleta kimo, mikono mirefu, viganja na nyayo pana, na mapafu makubwa. Dawa za homoni hupunguza misuli kidogo kidogo, lakini hazifupishi mfupa. Askari anayepigana ngumi katika timu ya kikosi chake anaelewa jambo hili bila mwalimu: bondia wa uzito wa unyoya hapangiwi na wa uzito wa juu, hata kama wote ni watu wema na wote wamefanya mazoezi. Safu ya wanawake iliwekwa kwa sababu hiyo hiyo, na pasipo ulinzi wowote ingekufa.

Ila kanuni haikuishia katika mabwawa ya matajiri, na hapo ndipo jambo hili linapozihusu nchi zinazopakana na Tanzania. Katika fainali ya mita 800 za wanawake mjini Rio mwaka 2016, dhahabu ilichukuliwa na Caster Semenya wa Afrika Kusini, fedha na Francine Niyonsaba wa Burundi, na shaba na Margaret Wambui wa Kenya. Hakuna hata mmoja kati yao aliyebadili jinsia. Walizaliwa wakaitwa wasichana, wakalelewa hivyo, wakakimbia hivyo. Maumbile yao yalikuwa na homoni ya testosteroni kupita kiwango kilichowekwa na shirikisho la riadha. Mwaka 2019 wakaamriwa waipunguze kwa dawa au waache mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Mahakama ya michezo ilikiri kwamba kanuni hiyo ni ya ubaguzi, kisha ikaamua, kwa kura mbili dhidi ya moja, kwamba ubaguzi huo ni wa lazima.

Niyonsaba alihamia masafa marefu, na mwaka 2021 mjini Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Mwaka 2023 kanuni ilipanuliwa ikashika mbio zote, na njia hiyo nayo ikazibwa.

Kisa cha Annet Negesa wa Uganda ni kizito zaidi. Alikuwa na dhahabu ya Michezo ya Afrika ya mwaka 2011 alipoondolewa katika safari ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Mwaka ule ule alipasuliwa mjini Kampala. Mwenyewe amesema alitazamia tiba ndogo, akazinduka na kukuta majeraha tumboni, na nguvu zake hazikurudi. Shirikisho la riadha limekana kuhusika na upasuaji huo. Mwaka 2019 alijitokeza kueleza yaliyompata, na baadaye akapewa hifadhi Ujerumani.

Ni jambo moja kumwambia mwanariadha kwamba safu hii si yake. Ni jambo jingine kabisa kumlaza msichana mzima wa afya juu ya meza ya daktari ili apate ruhusa ya kukimbia. Wanaolichanganya shauri la Thomas na la wasichana hawa, ama kwa kutojua ama kwa makusudi, hawawatendei haki wala hao wala yeye.

Tangu tarehe 1 Septemba 2025 kila mkimbiaji anayetaka kuingia safu ya wanawake katika ubingwa wa dunia sharti apimwe mara moja, kwa mate ya shavuni au kwa damu, kutafuta kinasaba cha kiume. Wanariadha wengi wa Kenya na Uganda ni askari wa jeshi, polisi na magereza. Majibu yatafika wakati binti yuko kambini, pengine ana miaka 18, na hajapata kuambiwa neno lolote juu ya mwili wake. Nani atakayeifungua bahasha hiyo, mbele ya nani, na faili litafungiwa katika kabati la nani, ni maswali ambayo vyama vya riadha na makamanda wa michezo katika nchi hizo wanapaswa kuyajibu kabla timu haijaitwa.