Dozi ya Dawa Haigawanywi

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Nambis



Tumeombwa kuzungumzia jambo ambalo wengi huona haya kulitaja: mkojo unaochoma, yaani U.T.I., na dawa zake. Leo tutalitaja bila aibu, kwa sababu lilikaribia kutuondolea mama mmoja hapa kwetu.

Mama huyo alikuwa na mimba ya miezi saba. Alipoanza kusikia moto wakati wa kukojoa, jirani yake alimpa vidonge vinne alivyobakiza kwenye dozi yake mwenyewe. Alimeza siku mbili, moto ukapoa, akarudi shambani. Baada ya wiki moja alishikwa na homa ya kutetemeka, maumivu ya ubavu na kutapika. Alipelekwa hospitali usiku kwa pikipiki. Bakteria walikuwa wamepanda hadi kwenye figo. Alilazwa, akachomwa sindano, na kwa neema ya Mungu yeye na mtoto walipona.

Jirani yule hakuwa na nia mbaya. Kwetu kugawana ni ujirani mwema: tunapeana chumvi, moto na maziwa. Lakini dozi ya dawa haigawanywi. Ikigawanywa, wawili wanameza na hakuna anayetibiwa, na bakteria waliosalia wanajifunza kuishinda dawa.

Nasi tukiri kosa letu. Katika semina zetu za nyuma tulisisitiza, "Ukiumwa, wahi dawa." Tulipaswa kusema, "Ukiumwa, wahi kipimo."

Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania (kwa upande wetu ni Mwanza, Kilimanjaro na Mbeya) uliotesha mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye dalili za U.T.I. Takriban theluthi moja tu ndio waliothibitika kuwa na maambukizi hayo. Kati ya bakteria wa E. coli, ambao ndio waliopatikana kwa wingi, karibu nusu walikuwa sugu kwa dawa za makundi kadhaa. Maana yake ni kwamba wengi wanaomeza antibiotiki kwa kukisia wanatibu ugonjwa wasio nao. Mkojo huweza kuchoma kwa sababu ya fangasi, ugonjwa wa zinaa au kichocho, na kila kimoja kina dawa yake.

Sasa tuseme ukweli juu ya kumeza dawa yenyewe, baada ya kupimwa na kuandikiwa.

Kwanza, mweleze mganga hali yako yote: kama una mimba, unanyonyesha, una tatizo la figo, una dawa nyingine unazotumia, au kuna dawa iliyowahi kukudhuru. Nitrofurantoini, kwa mfano, ni dawa nzuri kwa maambukizi ya kibofu, lakini haifai kwa mama aliyekaribia kujifungua wala kwa mwenye figo dhaifu, na haitibu maambukizi yaliyofika kwenye figo. Imeze pamoja na chakula. Mkojo ukigeuka rangi ya kahawia usiogope, ni rangi ya dawa.

Pili, angalieni maziwa. Sisi ni wafugaji, na ugali kwa maziwa ndicho chakula chetu. Lakini maziwa na mtindi huizuia dawa ya ciprofloxacin isiingie vizuri mwilini. Aliyeandikiwa dawa hiyo aimeze kwa maji, angalau saa mbili kabla ya kunywa maziwa au saa sita baada ya kuyanywa. Akipata maumivu kwenye kano, hasa nyuma ya kisigino, aache dawa na kurudi kwa mganga.

Tatu, maliza siku ulizoandikiwa, hata kama moto umepoa siku ya pili. Nyingine ni siku 3, nyingine 5, nyingine zaidi. Fuata ulichoandikiwa wewe. Ukisahau kidonge, kimeze ukikumbuka. Kama wakati wa kingine umekaribia, endelea na hicho. Usimeze viwili kwa pamoja.

Nne, dalili za hatari. Ukivimba uso, ukitokwa na vipele mwili mzima au ukikosa pumzi, acha dawa na kimbilia kituo cha afya. Vivyo hivyo ukipata homa, maumivu ya ubavu, kutapika, au kama hakuna nafuu baada ya siku mbili au tatu. Mjamzito, mtoto mdogo na mwanamume mwenye dalili hizi wasijitibu dukani kamwe. Zahanati ikishindwa, iwape rufaa kwenda hospitali ya Mbulu mjini, Katesh, au Haydom, ambayo imekuwa ikihudumia watu wetu tangu mwaka 1955.

Ndugu wajumbe, tunajua kwa nini watu hugawana vidonge: nauli hakuna na kipimo kina gharama. Kwa hiyo tunaomba kila kamati itenge fungu dogo la nauli na kipimo cha mkojo, tukianza na akina mama wajawazito. Yule mama angepata fungu hilo siku ya kwanza, asingebebwa usiku.

Nanyi marafiki mnaotuchangia, tunawashukuru kwa moyo. Wengine mmetaka kututumia dawa zilizobaki majumbani kwenu. Tunawaomba msifanye hivyo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1996 kuhusu misaada ya dawa ilikwisha kukataza dawa zilizorudishwa na wagonjwa. Hata iliyovuka bahari, ile bado ni dozi ya mtu mwingine. Mchango wenu wa nauli na vipimo utatusaidia zaidi.