Lori Lililochoka: Je, Yafaa Kulitia Injini Nyingine?

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalowapata watu wengi wenye malori ya kazi. Lori limezeeka, injini yake imechoka, na mwenyewe hajui kama atoe fedha kununua injini nyingine, au aliuze lori jinsi lilivyo. Fedha inayotakiwa si haba. Aghalabu ni akiba ya nyumba nzima: karo za watoto, mabati ya nyumba na mbegu za mwaka ujao, zote zimefungwa katika kitambaa kimoja. Kwa hiyo yafaa mtu akate shauri kwa hesabu, asikate kwa huruma wala kwa hasira.

Ili maneno yangu yasielee hewani, tutwae mfano wa lori la dizeli la tani 7, linalochukua kabichi, viazi na matunda kutoka milima ya Usambara, katika Wilaya ya Lushoto, kuyateremsha hata Mombo penye barabara kuu, kisha kuyapeleka Tanga au Dar es Salaam. Waliopita njia ile wanajua ilivyo. Toka Mombo, kupitia Soni, hata Lushoto ni kilometa 30 na zaidi kidogo za kona na miinuko, mlima upande huu na korongo upande huu. Njia ya namna hiyo ni mwamuzi mzuri wa motokaa. Katika kupanda huuliza habari za injini, na katika kushuka huuliza habari za vitu vingine vyote. Mwenye lori hana budi kuwa na majibu ya maswali yote mawili kabla ya kufungua mkoba wake.

Kwanza tufahamu jinsi injini ya dizeli inavyofanya kazi, maana asiyeujua uzima hawezi kuutambua ugonjwa. Mvumbuzi wake alikuwa Rudolf Diesel, Mjerumani, aliyepewa hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1893. Mwaka 1897 injini yake ilijaribiwa katika mji wa Augsburg, ikafaulu. Injini hii haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni hupanda ndani ya silinda na kuishindilia hewa, mpaka hewa iliyokuwa imeenea mahali pote hukaa katika sehemu moja tu ya sehemu 16, au hata 20. Hewa ikishindiliwa hivyo hupata moto mkali sana, kama vile pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi mwako unapojaza upepo. Ndipo dizeli hunyunyizwa humo, nayo huwaka yenyewe.

Basi mwaona kwamba nguvu zote za injini hii hutegemea kushindilia. Kila pistoni imevikwa ringi za chuma zinazozuia hewa isipenye. Miaka ikipita, na hasa vumbi likiingia, ringi hulika na kuta za silinda hulika pia, hewa ikapata njia ya kuvuja. Hapo moto hautoshi. Ndiyo sababu lori lililochoka hukataa kuwaka alfajiri katika baridi ya Lushoto, lakini mchana kule Mombo, injini ikiwa bado ina moto, huwaka kwa mara moja, mwenyewe akadhani limepona.

Sasa tuje kwenye dalili. Moshi wa lori una rangi tatu, na kila rangi ina habari yake. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Pengine kichujio cha hewa kimezibwa na vumbi, au noseli zinamwaga dizeli badala ya kuinyunyiza. Moshi mweupe usiokoma maana yake dizeli haiungui sawasawa, au maji yameingia ndani ya silinda. Moshi wa samawati maana yake oili inaungua, na hii ndiyo dalili ya kuogopwa, maana huenda ringi zimekwisha. Hata hivyo msifanye haraka. Injini yenye tabo, ikiwa tabo hiyo imevuja oili, nayo hutoa moshi wa samawati, na huku pistoni zote ni nzima. Kubadili kichujio, au kusafisha noseli, au kutengeneza tabo, ni gharama ndogo mno ukilinganisha na injini nzima. Mtu asinunue jeneza kwa ajili ya mgonjwa wa mafua.

Kwa hiyo mwenye lori anapokwenda kwa fundi, asiulize, "Fundi, injini imekufa?" Swali hilo humpa fundi nafasi ya kujibu lolote. Na aseme hivi: "Fundi, naomba uipime mbele yangu." Fundi mwema hatachukizwa. Atajibu, "Haya, mzee, karibu utazame mwenyewe."

Vipimo vyenyewe ni hivi. Injini ikiwa inanguruma, kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe. Moshi ukipuliza hapo kwa nguvu na bila kukoma, moto wa silinda unapita kando ya pistoni na kushukia chini. Pili, kipimo cha mgandamizo kitiwe katika kila silinda, na hesabu za silinda zote ziandikwe katika karatasi. Zote zikiwa chini, injini imechoka kweli. Moja ikiwa chini na nyingine ni nzuri, pengine ni vali tu au gaskiti ya hedi. Tatu, nguvu ya msukumo wa oili ipimwe injini ikiwa na moto. Ikiwa ni ndogo mno, pengine beringi za kranki zimelika. Nne, oili yenyewe itazamwe. Ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Na kwa muda wa mwezi mmoja dereva aandike kila safari ameongeza oili kiasi gani na ametumia dizeli lita ngapi. Daftari la senti chache laweza kuokoa mamilioni.

Tuseme sasa vipimo vyote vimethibitisha kwamba injini imekwisha. Hapo ndipo wengi hukimbilia sokoni, nao bado hawajajibu swali la pili, lile la mteremko. Lilazeni lori chini ya kivuli, mkaingie uvunguni na taa. Chesisi imepasuka mahali zinaposhikiziwa springi? Imeliwa na kutu? Imekwisha kuunganishwa kwa moto mara ngapi? Giaboksi inapiga kelele? Difu inavuja? Usukani una mchezo? Na zaidi ya yote, breki zikoje? Injini mpya haiponyi chesisi iliyovunjika. Kinyume chake, injini yenye nguvu huitesa giaboksi iliyozeeka, na humtia tamaa mwenye lori kuongeza mzigo. Lori linaloshindwa kupanda Soni hukupotezea siku moja na kabichi zikaoza. Lori linaloshindwa kusimama katika mteremko wa Soni hupoteza watu. Basi kama fedha ni za kutengeneza kitu kimoja tu, breki zitangulie.

Ikiwa mwili wa lori ni mzima, ziko njia tatu za kupata moyo mwingine. Ya kwanza ni kuifungua injini ileile na kuitengeneza upya: silinda kuchongwa na kutiwa pistoni kubwa kidogo, au kutiwa vikombe vipya ikiwa ni injini ya namna hiyo, kranki kuchongwa, na ringi na beringi kuwa mpya. Faida yake ni kwamba unajua kilichotiwa ndani, na injini hukaa mahali pake pasipo kubadili kitu. Hatari yake ni fundi asiye na vipimo halisi, na vipuri vya bandia. Njia ya pili ni kununua injini iliyokwisha tumika ng'ambo. Hii hufungwa upesi, lakini umri wake wa kweli haujulikani. Usinunue mpaka umeisikia ikiwaka, ukaipima kama ulivyoipima yako, na ukaandikiwa dhamana. Tena hakikisha ni ya namba ya aina ileile, maana injini ya aina nyingine itataka vishikizo vingine, mabomba mengine na nyaya nyingine, na bei rahisi itageuka ghali. Njia ya tatu ni injini mpya kabisa, nayo kwa lori la zamani ni mara chache kulipa.

Sasa hesabu. Nitataja fedha kwa mfano tu, wala si bei ya soko. Tuseme injini na ufundi wake ni shilingi 12,000,000, na breki, springi na mengineyo ni shilingi 4,000,000. Jumla ni 16,000,000. Lori zima, ukiisha kutoa dizeli, dereva, ushuru na matairi, hukuachia shilingi 200,000 kila safari. Mtu atasema, "Safari 80 zitalipa deni lote, na kwa safari 2 kila juma nitamaliza kwa majuma 40." Hesabu hiyo ina kosa. Lori lake bovu, pamoja na ubovu wake, bado lilikuwa likimwachia shilingi 80,000 kila safari. Kwa hiyo kinacholetwa na injini mpya ni shilingi 120,000 tu. Gawanya, utapata safari 133 na zaidi, yaani majuma 67, zaidi ya mwaka na robo. Swali lenyewe basi ni hili: je, chesisi, giaboksi na difu zitaishi mwaka na robo pasipo kudai fedha nyingine kubwa? Ikiwa ndiyo, na miaka zaidi baadaye, tia injini. Ikiwa sivyo, usitie.

Tena, msisahau kwamba hata lori bovu lina thamani yake. Ikiwa lile la mfano wetu lingeuzwa jinsi lilivyo kwa shilingi 10,000,000, na lori jingine lililo zima zaidi hupatikana kwa 30,000,000, basi ni 20,000,000 za kuongeza, mbele ya zile 16,000,000 za kutengeneza. Tofauti ni 4,000,000. Pengine yafaa kuilipa, pengine haifai, kwa maana lori lako unaijua kila kasoro yake, na la mwenzio utazijua kasoro zake baada ya kulipa. Lakini fedha ulizotia mwaka jana katika springi na rangi zisiingizwe katika hesabu hii hata kidogo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mambo mawili ya mwisho. Ukibadili injini, namba yake haitalingana na iliyoandikwa katika kadi ya gari. Wajulishe wenye kuandikisha magari, ambao Tanzania ni TRA na Kenya ni NTSA, na uitunze hati ya ununuzi, usije ukasimamishwa njiani kama mwizi. Na kabla ya kuifunga injini nyingine, uliza ya kwanza iliuawa na nini. Ikiwa ni rejeta iliyoziba, au kichujio cha hewa kilichotoboka, au oili isiyobadilishwa, muuaji yule bado yumo ndani ya lori anangoja wa pili. Mwondoe kwanza. Kisha mwendeshe mgeni wako kwa upole safari za mwanzo, kwa mzigo mdogo, na umbadilishie oili mapema.

Basi, wasikilizaji wangu, neno langu ni fupi. Pima injini kabla ya kuihukumu. Tazama mwili kabla ya kuununulia moyo. Hesabu faida inayoongezeka, usihesabu faida yote. Ikiwa majibu matatu yote ni mema, toa fedha yako pasipo hofu, na lori litakushukuru kwa kazi. Ikiwa hata moja ni baya, liuze kwa haki, mweleze mnunuzi ubovu wake, na akiba ya watoto ibaki nyumbani.