Kelele na Mnyama Asiyeweza Kulalamika



Mtu anayesumbuliwa na kelele aweza kuhama, kufunga dirisha, au kwenda kwa mtendaji wa kijiji kulalamika. Mnyama aliyefungiwa hana hata moja kati ya hayo. Panya aliye katika kizimba cha maabara, kuku aliye bandani na ng'ombe aliyefungwa kamba hubaki palepale, sauti ikiwafikia usiku na mchana. Malalamiko yao hujitokeza mwilini, na anayetaka kuyajua hana budi kuuchunguza mwili huo.

Uchunguzi wa namna hiyo umefanywa kwa miaka mingi katika maabara. Sikio la binadamu hupokea sauti za hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, ilhali la panya hufikia takriban 80,000. Kwa hiyo chumba ambacho kwa mhudumu ni kimya, kwa panya chaweza kuwa na ghasia ya sokoni: bomba la maji, skrini ya kompyuta na gurudumu la toroli hutoa milio ambayo mtu haisikii.

Kelele kubwa inapodumu, homoni za mfadhaiko huongezeka katika damu ya mnyama, mapigo ya moyo hupanda, usingizi huvurugika na uzazi hupungua. Panya mama aliyeshtushwa huweza kuwatelekeza watoto wake, au hata kuwala. Mwongozo wa Marekani wa utunzaji wa wanyama wa maabara hutahadharisha kwamba kelele inayozidi desibeli 85 yaweza kudhuru masikio na sehemu nyingine za mwili. Aidha, hushauri kwamba wanyama wapiga kelele, kama mbwa na nguruwe, watengwe mbali na panya.

Jambo hili humhusu pia mgonjwa aliye kwenye foleni ya zahanati. Dawa nyingi hujaribiwa kwanza kwa wanyama kabla ya kumfikia binadamu. Kundi moja la panya likikaa karibu na jenereta na jingine likakaa mahali patulivu, tofauti iliyoletwa na kelele yaweza kuhesabiwa kuwa kazi ya dawa. Hapo mnyama ameteseka, na jibu lililopatikana si la kweli.

Tanzania inao mfano wake. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na pia vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake nchini Kambodia. Panya hawa hufunzwa kwa sauti: kila anapopatia, mlio mfupi humjulisha kwamba chakula kinakuja. Mlio huo ukimezwa na kelele, panya hana namna ya kujua kwamba amepatia. Kazi inayookoa maisha ya watu huanzia katika utulivu wa chumba cha mafunzo.

Runzewe haina maabara ya namna hiyo, lakini wanyama waliofungiwa wamo katika kaya nyingi, na kelele zipo: makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, mashine za nafaka, jenereta, spika za baa, na malori yaendayo Rwanda na Burundi. Ng'ombe husikia sauti za juu kuliko mtu, hadi mitetemo 35,000 hivi kwa sekunde. Akishtuka wakati wa kukamuliwa, homoni ya hofu huizuia ile inayoshusha maziwa, na maziwa hubaki kiweleni. Kuku wakishtushwa usiku hurundikana pembeni mwa banda, na wa chini hufa kwa kukosa hewa. Mfugaji aonaye hasara hiyo hutafuta ugonjwa, kumbe chanzo chaweza kuwa ng'ambo ya uzio.

Tiba ya kwanza ni umbali. Katika uwanja wazi, kelele ya mashine moja hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Karasha lililohamishwa kutoka mita 20 hadi mita 80 hupunguza desibeli 12 hivi. Tiba ya pili ni ukuta imara kati ya mashine na banda, na bomba la moshi la jenereta lenye kizuia sauti kisichotoboka. Ya tatu ni saa: mashine ipumzike usiku, na ng'ombe akamuliwe kabla haijawashwa.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo humbana mwenye mashine, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 humlinda mnyama dhidi ya mateso. Mfugaji aandike siku, saa na kilichotokea bandani, kisha apeleke maelezo hayo kwa afisa mifugo na mtendaji wa kata. Mwenye karasha naye aulize mahali pa kulisimika kabla hajamwaga zege, kwa kuwa kulihamisha baadaye ni gharama.

Katika nyumba iliyo jirani na banda hilo kuna mtoto mchanga aliyelala. Naye hawezi kuhama, wala hajajua kulalamika.