Kushona picha na vipande vya vikwembe: mambo matatu ya kupatana

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama huko Butembo



Nimeombwa niseme kidogo juu ya kazi ya vipande. Wengi wenu mnaijua kuniliko, kwani ninyi ndio mnashika sindano. Mimi ninatembea tu kati ya Beni na Butembo kuona namna vikundi vinaendelea. Basi nitasema kazi yenyewe, kisha nitaleta mambo matatu ambayo inafaa tupatane.

Mtu akirudi kwao kisha kukimbia, anakuta shamba limekuwa pori na nyumba haina mlango. Jembe anaomba, mbegu anaomba. Lakini vipande vya vikwembe viko karibu na kila mshonaji, chini ya mashini yake. Kikwembe tunanunua yadi 6 ao yadi 12, na fundi akiisha kukata, mabaki yanafagiliwa na kuchomwa. Karibu na 8 Machi, wamama wanaposhonesha nguo za siku yao, yanakuwa mengi zaidi. Mumuombe fundi kwa heshima, mumupelekee mufuko, naye ataweka humo.

Kwa wale ambao hawajaanza, njia ni hii. Osha vipande kwanza, juu rangi nyingine inatoka na kuharibu jirani yake. Chagua pamba; kitambaa cha nailoni kinayeyuka chini ya pasi ya makaa. Tandika kitambaa kigumu cha chini, hata gunia la unga lililosafishwa. Anza na vitu vikubwa: mbingu, kilima, barabara. Nyumba na migomba vinafuata, watu wanakuja mwisho. Kila kipande kunja ukingo wake ndani kidogo, kisha shona kwa mkono, mishono midogo midogo. Picha ikiisha, weka blanketi ya zamani katikati na kitambaa kingine nyuma, halafu pitisha uzi katika vyote vitatu ili vishikamane. Haina haraka. Ndiyo maana wamama wanaweza kuifanya wakikaa pamoja na kuzungumuza.

Sasa nikuje kwa yale matatu.

La kwanza: tushone nini? Kuko wanunuzi wanaoomba picha za panga, za nyumba zinazoungua, za maiti. Wanasema ndizo zinaonyesha shida ya Beni. Ni kweli kwamba tangu Oktoba 2014 watu wetu wameuawa, na kutoka 2018 mpaka 2020 Ebola ikaongeza kilio juu ya kilio. Hakuna anayetaka tufiche. Nchini Chile, kisha jeshi kupindua serikali mwaka 1973, wanawake ambao wana wao na wababa wa nyumba walikamatwa na kupotea walishona picha na vipande juu ya kitambaa cha gunia. Kanisa katoliki likawapa mahali pa kukutana, na picha zikauzwa inje ya nchi. Dunia ikajua. Lakini walishona pia foleni ya maji, jiko la pamoja, watu wakitafuta kazi. Wenyewe ndio walichagua.

Basi ninapendekeza hivi: mama akitaka kushona siku aliyokimbia, ashone, na wenzake wakae karibu naye. Akitaka kushona soko, ndizi, ao harusi, hakuna mtu wa kumwambia haiuziki. Hatutamulipisha mtu kilio chake mara ya pili.

La pili: usalama. Msiandike jina la kijiji pamoja na jina la mtu. Msishone sura ya mtu anayejulikana ao nguo ambayo jirani ataitambua, ikiwa picha inasema nani alifanya nini. Sisi tunaishi hapa. Picha inaenda Ulaya, lakini foto yake inarudi kwa simu siku ileile.

La tatu: bei na maneno. Kulikuwa mama moja Marekani, Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837. Alishona hadisi za Biblia kwa vipande. Mwaka 1886 mwanamke mwalimu wa sanaa aliona kazi ile katika maonyesho, akataka kuinunua, Harriet akakataa. Miaka ikapita, maisha yakawa magumu, akaomba dola 10, akapewa 5. Leo kitambaa kile kinatunzwa katika jumba la makumbusho kubwa la Washington. Na tunajua maana ya kila picha kwa sababu siku ya kuuza alieleza moja moja, na mununuzi akaandika.

Humo nimeona masomo mawili. Njaa inashusha bei. Kwa hiyo kikundi kiuze pamoja, na likelemba imusaidie mwenye haraka ya pesa, asitupe kazi ya wiki tatu kwa bei ya chumvi. Mukihesabu bei, mahesabu yaanze na siku za kazi, hata kama vipande vilipatikana bure. Tena, kila picha iende na karatasi yenye maneno ya mushonaji mwenyewe, katika Kiswahili ao Kinande, bila mimi ao mtu wa ofisi kuyapamba. Mwenye hajui kuandika, kijana wake amuandikie, kisha amusomee.

Marafiki wenye kutusaidia, kwenu ninaomba kitu kimoja: mukinunua, musome karatasi ile kabla ya kuuliza picha nyingine.

Wanachama, kila kikundi kizungumuze mambo haya matatu, na mutuletee jibu katika mkutano unaokuja. Likikubaliwa, tutaliandika katika kanuni yetu. Likikataliwa, mutueleze sababu.