Ndege Nyuki na Haki ya Jirani

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, semina ya Haki na Amani, Moshi





Baadhi yenu mlipoona kichwa cha mada hii katika ratiba mliuliza kama Tume ya Haki na Amani imeishiwa kazi. Wajane wanafukuzwa katika vihamba vya marehemu waume zao, ndugu wanashtakiana kwa mpaka wa hatua mbili, nasi tunakuja kuzungumzia mashine ya kupigia picha za harusi! Swali hilo tunalielewa. Jibu letu ni kwamba mashine hii imekwisha kutia mawe mikononi mwa waamini wetu, na penye mawe mikononi Tume haiwezi kusema haina kazi.

Tuanze na tukio lenyewe. Katika kigango kimoja cha huku mlimani, ambacho hatutakitaja, palikuwa na sherehe ya kipaimara. Familia ilimkodi kijana kutoka mjini aje na ndege nyuki, au droni kama vijana wanavyoiita, ili awapige picha wageni huku mlima ukionekana nyuma yao. Mnavijua vihamba vyetu. Nyumba na nyumba zimetengwa na migomba na ua wa masale, na aliye chini haoni kwa jirani. Aliye juu huona kote. Mama mmoja mjane, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa akioga katika bafu lake la nje lisilo na paa. Alisikia mvumo, akainua macho, akaona taa nyekundu imesimama juu yake. Akapiga yowe.

Vijana waliokuwa barabarani waliokota mawe. Ndege ilianguka migombani. Yule kijana alikimbilia jikoni kwa wenye sherehe, wakamfungia ndani kwa usalama wake, na nje watu wakazidi kuongezeka. Waliofika kwanza walisema kwamba amempiga picha mwanamke akiwa uchi. Waliofuata walisema kwamba ni mpimaji, ametumwa kupima ardhi ili wanakijiji waondolewe. Sisi tuliitwa, tukafika baada ya nusu saa hivi, na mzee mmoja mwenye heshima zake, anayepokea Komunyo kila Dominika, alitushika mkono akatuambia kwa dhati kabisa kwamba mle jikoni mna mumiani.

Tunawaomba mtazame jinsi tuhuma ilivyokua. Malalamiko ya kwanza yalikuwa ya haki, maana mama yule alikuwa ameonewa kweli. Ndani ya nusu saa malalamiko yake yalikuwa yamesahauliwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekwenda kumwuliza hali. Umati ulikuwa umepata jambo kubwa zaidi la kukasirikia.

Wenzetu wa mjini husema kwamba hayo ni ujinga wa watu wa shamba. Hatukubaliani nao. Watu wa nchi hii wana sababu za kumwogopa mtu anayetazama ardhi yao kwa chombo asichoeleza. Wazee wanakumbuka habari za jirani zetu wa Meru. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 katika eneo la Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Kirilo Japhet alikwenda hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwatetea, wala hawakurudishiwa ardhi yao wakati ule. Na hapa kwetu kuna ule ukanda wa msitu tuuitao nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni, mbao na majani ya mifugo. Mwaka 2005 msitu uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na tangu hapo mama anayekwenda kutafuta mzigo wa majani hajui kama atarudi nao au atakutana na askari. Mama huyo akisikia mvumo juu ya miti, tumtarajie afikiri kwamba ni harusi?

Hata hilo neno mumiani lina historia yake. Wakati wa ukoloni, huko Dar es Salaam na Nairobi, wazima moto walinong'onwa kuwa ni mumiani, wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu. Ilikuwa uongo. Lakini angalieni waliozuliwa uongo huo: watu wenye sare, wenye gari lisilofanana na mengine, wanaofanya kazi ambayo hakuna aliyewaeleza wananchi. Mtu asipoelezwa hujieleza mwenyewe, kwa kutumia hofu aliyo nayo tayari.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandae mada hii. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, watu watatu waliotoka katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na umati, na gari lao likachomwa moto. Wawili walikuwa watafiti na mmoja alikuwa dereva. Hawakuwa na ndege nyuki. Walikwenda kuchukua udongo kwa ajili ya uchunguzi, yaani kazi ambayo ingemfaa mkulima yule yule aliyewapiga. Taarifa zilizotolewa baada ya mauaji zilieleza kwamba mwanamke mmoja aliwaona akapiga yowe, na kwamba habari ya kuwapo wanyonya damu ilitangazwa kwa kipaza sauti cha nyumba ya ibada.

Ndugu wapendwa, hapo tunaomba tusimame kidogo. Hatuulizi ilikuwa nyumba ya ibada ya dhehebu gani, kwa sababu vipaza sauti tunavyo sisi sote. Katika vijiji vyetu kengele ya kigango ikilia saa isiyo ya sala, watu hutoka. Katekista akisema neno, linaaminika kabla halijapimwa. Aliyetangaza siku ile pengine aliamini kabisa kwamba anawaokoa kondoo wake. Watu watatu walikufa, nao walitoka Arusha, si mbali na ukumbi huu.

Luka Mtakatifu ametuachia habari inayofanana na hiyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 19. Huko Efeso mafundi wa fedha waliona biashara yao inaharibika kwa mahubiri ya Paulo, wakauchochea mji. Umati ukajaa katika ukumbi wa michezo, ukapiga kelele muda wa saa mbili, na Luka anaeleza, tunadhani kwa tabasamu kidogo, kwamba wengi wao hawakujua wamekusanyikia nini. Aliyeutuliza mji hakuwa mtume. Alikuwa karani wa mji, mpagani, mtumishi wa serikali. Hakuwaambia kwamba ni wajinga. Aliwakumbusha kwamba mwenye shtaka anayo mabaraza na mahakimu, kisha akawaruhusu kwenda nyumbani. Sisi tunamheshimu sana karani yule. Kila kitongoji kinahitaji mtu wa namna yake, naye si lazima awe padre.

Tuseme pia juu ya sheria, maana wengi hufikiri kwamba hewa haina mwenyewe. Anayetaka kurusha ndege nyuki katika nchi yetu hana budi kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo inahusika. Haziruhusiwi kurushwa ovyo karibu na viwanja vya ndege, nasi tunacho KIA na kile kiwanja kidogo cha Moshi. Ndani ya Hifadhi hazirushwi pasipo ruhusa. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya maskani yake, na tangu mwaka 2022 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo mama yule bafuni hakuwa mshamba aliyeshtuka bure. Alikuwa raia aliyevunjiwa haki. Lakini Katiba hiyo hiyo, ibara ya 14, inamlinda uhai kijana aliyefungiwa jikoni, na ibara ya 13 inakataza kumtendea kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Haki hizo mbili zilikuwa katika kihamba kimoja mchana ule, kila moja nyuma ya mlango wake.

Kwa ninyi vijana mnaofanya kazi hii tunasema hivi. Kibali kilichotoka Dar es Salaam hakimsalimii jirani. Salamu ni kazi yako. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha pita nyumba za jirani, useme utarusha saa ngapi na utapiga nini. Betri ya mashine yako haizidi sana nusu saa, basi ni nani atakayekunyima nusu saa ukimwomba kwa adabu? Usiende peke yako. Mwenye kuishika mashine macho yake yako juu na mikono imeshughulika, hawezi kuzungumza na mtu aliyekasirika. Awepo mwenzako wa kupokea maswali, na afadhali awe mwenyeji, mtu ambaye mama yake anajulikana. Kule Zanzibar, visiwa vilipoanza kupigwa picha kutoka angani mwaka 2016 kwa ajili ya ramani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kuifanya kazi hiyo, na tunaona hiyo ilikuwa hekima.

Mtu akija kwa hasira, teremsha mashine kwanza, kisha ujibu. Usimwonyeshe kibali kama anayeonyesha bunduki. Mwonyeshe picha. Akijiona humo naye hataki, ifute mbele ya macho yake, hata kama ndiyo picha nzuri kuliko zote. Usibishane, wala usimpige picha yeye anayelalamika, maana huko ndiko kumwagia mafuta ya taa. Na ukiona watu wanakuwa wengi, achana na mashine uende kwa kiongozi. Mashine hununuliwa tena.

Ninyi mnaotazama mkiwa chini, msirushe mawe. Kitu chenye visu vinavyozunguka kikiangushwa hakichagui kichwa cha kuangukia, na katika tukio letu kiliwakosa watoto watatu kwa hatua chache. Tafuteni anayekirusha, mwulizeni jina, ametumwa na nani na ana kibali gani. Anayo wajibu wa kuwajibu. Asipojibu, mpelekeni kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji akiwa na mwili mzima, kisha andikeni malalamiko. Tusiichukie mashine yenyewe. Oktoba 2020 mlima wetu uliwaka moto, zaidi ya kilomita za mraba 95 zikateketea, na vijana wa vijiji hivi walipanda kuuzima bila kujua upande wa pili wa bonde miali inaelekea wapi. Siku kama ile jicho la angani lingewafaa.

Na ninyi viongozi wa jumuiya, makatekista na wazee wa kanisa, Tume inawapa agizo moja. Kengele na kipaza sauti visitumike kutangaza tuhuma juu ya mtu yeyote, hata kama anayewaletea habari ni mtu wa sala, hata kama analia. Mjibuni kwamba mtakwenda naye kuona. Tukisubiri kuona, hatupotezi zaidi ya robo saa.

Turudi jikoni. Hatukuhubiri. Tulimwomba mwenyekiti wa kitongoji asimame mlangoni pamoja nasi, kisha tukamtuma mama mmoja wa WAWATA aende kwa yule mjane, ambaye alikuwa amejifungia ndani kwake. Alikuja amejifunika khanga mbili, akasimama mbele ya watu wote. Kijana alitolewa, akaonyesha picha katika kioo kidogo. Ilimwonyesha mama yule kweli, kutoka mbali, kama sekunde nne. Kijana aliapa kwamba hakumwona, kwa kuwa alikuwa akiutafuta mlima. Mama alimwambia, "Futa." Akafuta. Kisha mama akawageukia vijana wenye mawe akawauliza, "Na ninyi mliokuja kunitetea, mbona hakuna aliyeniletea hata kitenge?" Wakatazama chini.

Siku ya tatu yake baba wa mtoto wa kipaimara alikwenda kwa mjane na jani la isale, kama desturi yetu ya kuomba msamaha inavyotaka, naye akalipokea. Amejengewa paa la bafu kwa mabati manne. Kuhusu mashine iliyovunjwa, baraza la kitongoji liliamua kwamba wazazi wa wale vijana wachangie nusu, na kijana mwenyewe abebe nusu kwa kosa la kutowataarifu jirani. Wazazi wawili wamelipa. Wengine watatu bado, nao wamo humu ukumbini, hivyo tutaonana nao baada ya chai.