Maji ya Rejeta Yanapopungua

Ndugu wakulima, wengi wenu mna pikapu ya kupelekea nyanya sokoni, au trekta la kikundi, na leo tunazungumza habari ya maji yake. Utamsikia dereva akisema, "Gari hili zima, ila linapenda maji tu." Ndugu zangu, gari halinywi maji. Maji ya rejeta huzunguka kwenye injini na kurudi pale pale. Ikiwa kila asubuhi unaongeza lita moja, basi lita hiyo inatokea mahali, na afadhali upajue kabla hujapakia mzigo. Injini ikichemsha njiani, silinda hedi hupinda au kupasuka, na kuitengeneza kunaweza kumeza fedha zote za nyanya ulizobeba.

Kagua asubuhi, injini ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa na moto. Maji yale yamebanwa kwa presha, kwa hiyo hupata joto kupita maji ya sufuriani, na yakiruka yatakuchoma uso na mikono.

Usiku tandika boksi kuukuu chini ya injini, asubuhi utazame doa limeangukia wapi. Lakini mara nyingi maji hukauka kabla ya kudondoka, hivyo tafuta alama zake: michirizi myeupe, ya kijani, au ya rangi ya kutu kwenye rejeta na kwenye maungio. Kisha minya mipira ya maji, wa juu na wa chini. Uliolainika kama andazi, uliovimba au wenye nyufa, badilisha. Kilipu kilicholegea, kaza.

Chini ya pampu ya maji mna kitundu kidogo. Kikitoa maji, sili ya ndani imekwisha. Wapo wanaokiziba kwa sabuni au kijiti, wakadhani wametengeneza! Kitundu kile kimewekwa makusudi, ili maji yatoke nje yasiingie kwenye beringi. Ukikiziba, beringi itakufa, na kama feni imefungwa kwenye pampu hiyo, inaweza kuyumba ikaikata rejeta. Hapo umeharibu vitu viwili kwa kuogopa kununua kimoja.

Na ikiwa nje pote ni pakavu, lakini maji bado yanapungua? Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukiiona oili imegeuka kama chai ya maziwa, maji yameingia humo. Usiwashe injini tena, mwite fundi. Kama oili ni safi, fungua kifuniko injini ikiwa bado baridi, washa, utazame. Mapovu yasiyokoma, au moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, huonyesha kuwa gasketi ya silinda hedi imeungua.

Fundi mwenye vifaa anayo pampu ya mkono yenye saa ya presha. Huifunga mahali pa kifuniko, akapampu mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, asizidishe, kisha akangoja. Mshale ukishuka, pana mahali panavuja. Mwambie akipime na kifuniko, maana kikiwa kimechoka maji hutoka kidogo kidogo na rejeta huonewa bure.

Habari ya kutia yai bichi au pilipili manga kwenye rejeta, mimi siipendi. Huenda ikakufikisha nyumbani, lakini huziba hata vile vijibomba vyembamba vilivyo vizima. Na gari likichemsha, zima, ngoja lipoe vizuri, ndipo ujaze. Maji baridi kwenye injini ya moto hupasua chuma.

Neno moja kwa wafugaji. Dawa ya rejeta, ile ya rangi inayochanganywa na maji, nyingi ni tamu na ni sumu. Unapomwaga maji ya rejeta, yakinge kwenye debe, yasibaki kidimbwini mbwa na mbuzi wakayanywa. Wafungie mbali mpaka umalize kazi.

Kwaherini.