Zamu ya Maji: Huduma Yetu Wakati wa Kwaresima

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Taveta)



Hapa Taveta soko letu ni Jumatano na Jumamosi. Kwa hiyo Jumatano ya Majivu huangukia siku ya soko kila mwaka. Tunapakwa majivu, halafu tunakwenda kuuza ndizi. Si vibaya. Majivu yanatakiwa yaonekane hata penye bei na mizani.

Kwaresima ni siku 40, Jumapili hazihesabiwi. Mambo yake ni matatu: sala, kufunga na kuwasaidia maskini. Sala tunaijua, kufunga tunajitahidi. Hili la tatu ndilo hutushinda.

Tuwaambie kisa chetu wenyewe. Mwaka mmoja tulichanga unga, sukari na sabuni, tukampelekea mama mjane aliyekuwa mgonjwa. Shamba lake liko mwisho wa mfereji. Tuliimba, tukaomba, tukaaga. Akitusindikiza, akasema polepole: "Asanteni, wanangu. Lakini migomba yangu inakauka. Zamu yangu ya maji imenipita mara tatu."

Tulinyamaza. Maji ya zamu ile tuliyachukua sisi sisi, wenye mashamba ya juu. Kanuni yetu ilisema asiyefika kuzibua mfereji hapati maji, na yeye hakuweza kushika jembe. Basi mkono mmoja ulimpa unga, wa pili ukamnyima ndizi.

Isaya, sura ya 58, anaeleza mafungo anayoyapenda Mungu. Angalieni mpangilio wake: kwanza ni kuondoa dhuluma, ndipo kuwagawia wenye njaa chakula. Sisi tulianza na chakula tukaruka dhuluma. Na katika Yohana 13 Bwana Yesu alijifunga kitambaa, akainama penye vumbi la miguu. Huduma ile haikuwa ya kusimama juu na kugawa.

Tulifanyaje? Tuliita kikao, tukabadilisha kanuni. Mgonjwa, mzee na mjane asiye na msaidizi, sehemu yao ya mfereji huchimbwa na kikundi, na zamu yao huandikwa kwenye daftari kama za wengine. Ndugu zetu Wapare ng'ambo ya mpaka wana jina la kazi ya pamoja kama hii: msaragambo. Kwaresima huja masika yakikaribia, kwa hiyo ni wakati mzuri wa kuifanya, mifereji iwe safi kabla Lumi haijajaa.

Mkirudi kwenye vikundi vyenu, jadilianeni:

1. Ni nani hajaonekana kwenye mikutano yetu, na kwa nini?
2. Kuna kanuni yetu inayomuumiza asiye na nguvu?
3. Kabla ya Pasaka, ni kazi gani moja tutaifanya kwa mikono yetu?

Wahenga walisema kutoa ni moyo. Nasi twaongeza: kumrudishia mtu kilicho chake ni haki, na haki itangulie.